Leseni, Cheti na Kamisheni: Nani Anafaa Kukushauri Kuhusu Uwekezaji?

Anayetafuta ushauri wa fedha Dar es Salaam au Nairobi leo hakosi wa kumpa. Yupo ofisa wa benki anayeingiza bima ya maisha katikati ya mazungumzo ya mkopo. Yupo dalali wa hisa anayepiga simu kila kampuni inapotoa hisa mpya, wakala wa mfuko wa pamoja, mchambuzi wa Instagram, na mwenyekiti wa kikoba aliyenunua hatifungani mwaka jana na sasa kila mwanachama anamuuliza yeye. Baadhi wameweka herufi nyuma ya majina yao: CPA, CFA, CIFA, CFP. Wengine wamejiita tu makocha wa fedha. Mteja naye hupachikwa jina lake: mwekezaji mdogo, mwekezaji mwenye uelewa, mwekezaji wa muda mrefu, mwoga wa hasara.

Lebo hizi zimetungwa na watu tofauti kwa sababu tofauti. Nyingine ni za sheria, nyingine za chuo, nyingine za idara ya mauzo. Mkanganyiko unaanza pale zote zinapochukuliwa kuwa zinajibu swali moja, kwamba huyu anaaminika na yule anafaa kuuziwa. Uchambuzi huu unazitenganisha, kisha unapima ipi ina uzito gani.

Mwekezaji kwa jicho la sheria

Sheria humgawa mwekezaji kwa kujiuliza ni nani anayehitaji kulindwa. Umma unapouziwa dhamana, kampuni hulazimika kutoa waraka wa matarajio uliopitiwa na msimamizi wa soko, wenye hesabu zilizokaguliwa na maelezo ya hatari. Kazi hiyo ina gharama na huchukua muda. Kwa hiyo nchi nyingi zimeacha mlango wa pembeni: ukiwauzia watu wachache wanaodhaniwa kujua wanachofanya, masharti yanalegezwa.

Ugumu uko kwenye hilo neno “wanaodhaniwa”. Marekani ilichagua kupima kwa fedha. Tangu 1982 mtu mwenye mali halisi ya dola milioni 1, au kipato cha dola 200,000 kwa mwaka, anahesabiwa kuwa anaweza kujisimamia. Thamani ya nyumba anayoishi iliondolewa kwenye hesabu hiyo baadaye, lakini viwango vyenyewe havijapandishwa, na mfumuko wa bei umeingiza watu wengi ambao watunga kanuni hawakuwafikiria. Mwaka 2020 wakaongeza njia nyingine: mwenye leseni fulani za biashara ya dhamana anakubalika hata kama si tajiri. Uingereza ilipandisha viwango vyake Januari 2024, na wiki chache baadaye ikavirudisha vilipokuwa, baada ya wanaotafuta mtaji wa kampuni changa kulalamika kwamba wafadhili wao wadogo wangefungiwa nje. Mvutano huo unatokea kila mahali. Ukiinua kizingiti unalinda watu, lakini pia unawanyima fursa na unawanyima wajasiriamali mtaji.

Kipimo cha fedha kina faida moja kubwa: ni rahisi kuthibitisha. Udhaifu wake unaonekana vizuri zaidi kwetu kuliko New York. Fikiria mwalimu aliyestaafu na kupokea kiinua mgongo chake kwa mkupuo. Asubuhi hiyo, kwa hesabu ya akaunti, ni mtu mwenye uwezo. Kwa hesabu ya maisha, ndiye mtu asiyeweza kabisa kupoteza, maana mshahara umekoma na fedha hiyo haitarudi tena. Kipimo kinachompandisha daraja mtu siku ile ile anapokuwa dhaifu zaidi kina kasoro katika msingi wake.

Kenya imekwishalipia somo hili. Cytonn High Yield Solutions ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 10 za Kenya kutoka kwa wawekezaji zaidi ya 3,000, nje ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya nchi hiyo, CMA, kwa hoja kwamba ilikuwa ni toleo la faragha kwa watu wenye uelewa. Faida iliyotangazwa ilifika asilimia 18 kwa mwaka. Fedha za muda mfupi zilikwenda kwenye majengo, na majengo hayauziki kwa siku mbili. Malipo yalipokwama, bidhaa hiyo iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2021, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ifilisiwe. Si lazima kumtafutia mtu nia mbaya ili kuona tatizo. Aliyeamua kwamba mteja ni “mwenye uelewa” ndiye huyo huyo aliyekuwa akimuuzia.

Hisa moja, fedha za aina mbili

Mgawanyo wa pili ni wa soko lenyewe: taasisi upande mmoja, watu binafsi upande mwingine. Mifuko ya pensheni kama PSSSF na NSSF, kampuni za bima na benki zina kamati za uwekezaji, wachambuzi wa kuajiriwa, na zaidi ya yote zina muda. Mfuko unaojua kwamba utaanza kumlipa kijana wa leo pensheni miaka 30 ijayo unaweza kununua hatifungani ya serikali ya miaka 25 na kulala usingizi.

Hatifungani hiyo hiyo mikononi mwa kikoba kinachogawana kila Desemba ni mnyama mwingine. Tuseme kikoba kimenunua hatifungani ya shilingi milioni 10 yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Mwaka unaofuata hatifungani mpya zinatoka kwa asilimia 15, na wanachama wanataka fedha zao. Hakuna mnunuzi atakayelipa milioni 10 kwa asilimia 12 wakati mnadani anapata 15. Ili mapato yalingane, bei itabidi ishuke hadi takriban milioni 8. Serikali haijashindwa kulipa hata senti, lakini kikoba kimepoteza karibu milioni 2 za mtaji. Mwenyekiti aliyesema kwamba hatifungani za serikali hazina hasara hakusema uongo kuhusu serikali. Alichosahau ni Desemba.

Mauzo ya hisa za Safaricom mwaka 2008 yanaonyesha jambo hili kwa upana zaidi. Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na watu zaidi ya laki nane wakaomba. Wengi walikuwa hawajawahi kununua hisa, na wengi walikopa benki ili waombe. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo kwa mbali, kiasi kwamba Mkenya wa kawaida alipewa karibu asilimia 21 ya alichoomba. Chukua mtu aliyekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Aliomba hisa 20,000, akapata kama 4,200, zenye thamani ya shilingi 21,000. Salio likarudi baadaye. Ikiwa lilichukua miezi miwili, riba ya mkopo mzima kwa muda huo ni shilingi 2,500, yaani karibu asilimia 12 ya thamani ya hisa alizopata. Bei ilibidi ipande kwa asilimia hizo ndipo aanze kuhesabu faida.

Siku za mwanzo ilipanda. Kisha ikashuka, na mapema mwaka 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliokuwa na deni waliuza. Waliotumia fedha wasiyoihitaji waliendelea kupokea gawio, na mwaka 2021 bei ikavuka shilingi 40. Kampuni ni ile ile na bei ya kuingilia ni ile ile. Hata tabia za wanunuzi hazikutofautiana sana, kwani wote walikuwa na matumaini. Kilichowatenganisha ni fedha waliyoingia nayo: moja ilikuwa na tarehe ya kurudishwa, nyingine haikuwa nayo.

Hapo ndipo mgawanyo wa tatu, ule wa washauri, unapopata nguvu na pia unapochechemea. Mshauri makini humpa mteja dodoso: uwekezaji wako ukishuka kwa asilimia 20, utauza, utasubiri, au utaongeza? Majibu yanamweka kwenye kundi la mwoga, la wastani au la mjasiri. Dodoso hili linapima moyo, na moyo hubadilika. Mwaka soko linapopanda, watu wote ni majasiri. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba linamchukulia mtu kama kitu kimoja. Mama mwenye duka Kariakoo ana fedha ya mzigo wa mwezi ujao, ana ada ya Januari, na ana akiba ya uzeeni. Yeye ni wawekezaji watatu kwa wakati mmoja. Kumwandika “wa wastani” ni kuchukua wastani wa vitu visivyojumlishika.

Kuna kundi jingine ambalo madodoso mengi hulisahau, la wanaojizuia na riba kwa sababu ya dini. Kwao swali la kwanza si faida bali uhalali, na ndiyo maana sukuk, hatifungani isiyo na riba, ya Benki ya KCB Tanzania ya mwaka 2022 iliwavuta watu ambao mnada wa hatifungani wa Benki Kuu hauwahusu. Bidhaa kama hizi huja na idhini ya wanazuoni wa sharia. Ni sifa ya kweli na ya lazima kwa mteja huyo, ila inajibu jambo moja tu. Uhalali wa mkataba haumzuii mkopaji kushindwa kulipa.

Mshauri: ruhusa, elimu na anayemlipa

Tuje upande wa pili wa meza. Sifa za mshauri ziko za namna tatu, na moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine.

Ya kwanza ni ruhusa. Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ndiyo inayotoa leseni kwa madalali wa hisa, mameneja wa mifuko, washauri wa uwekezaji na wawakilishi wao. Bima iko chini ya TIRA, benki na watoa mikopo midogo wako chini ya Benki Kuu, na Saccos ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kenya ina CMA yake na msimamizi wake wa bima. Mgawanyo huu una mantiki kwa serikali, ila kwa mteja unazaa giza. Mtu mmoja anaweza kuwa na kibali halali cha kuuza bima, akakutumia kibali hicho kama taa ya kukuonyesha hisa za kununua, jambo ambalo hakuruhusiwa kulifanya. Ukimuuliza kama ana leseni atajibu anayo, na atakuwa amesema kweli.

Leseni inasema kwamba kuna mahali pa kumshtaki na kwamba mtu fulani alipitia makaratasi yake. Haisemi zaidi ya hapo. Kati ya 2007 na 2009 Nairobi ilishuhudia kampuni kadhaa za udalali zikianguka, zikiwemo Francis Thuo & Partners, Nyaga Stockbrokers na Discount Securities. Zote zilikuwa na leseni. Mfuko wa fidia wa wakati huo ulikuwa na ukomo wa shilingi 50,000 kwa kila mwekezaji, kiasi kilichomfuta machozi mwenye hisa chache na kumwacha mwenye nyingi akilia. Hata hivyo walipata kitu. Waliopanda “mbegu”, yaani fedha zao, DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009 na ambao viongozi wake kadhaa walitiwa hatiani mahakamani mwaka 2013, hawakuwa na mfuko wa fidia wa kuugongea mlango, kwa sababu mpango wenyewe haukuwa chini ya yeyote. Leseni ni ulinzi hafifu. Kutokuwa na leseni ni kukosa hata huo hafifu.

Ya pili ni elimu, na hapa ndipo herufi zinapochanganya. CFA ni mitihani ya hatua tatu pamoja na saa 4,000 za kazi inayohusika. Ni kipimo kigumu, lakini kiini chake ni kuchambua kampuni, hatifungani na mkoba mkubwa wa uwekezaji. Mwenye CFA anaweza kukupa thamani ya benki iliyoorodheshwa kwa njia nne, na asijue chochote kuhusu mirathi yako. CFP, iliyoanzia Marekani miaka ya 1970, imelenga kinyume chake: mpango wa fedha wa familia, kustaafu, kodi, bima. CPA ni mtu wa hesabu, ukaguzi na kodi. Kenya imejijengea njia yake: mitihani ya CIFA hutolewa na KASNEB, na sheria ya 2015 iliipa taasisi ya ICIFA kazi ya kuwasajili wachambuzi wa uwekezaji na fedha. Kuna pia vyeti vya kuingilia kazi, kama kile cha umahiri anachotakiwa kuwa nacho wakala wa bima Kenya. Ni mafunzo mafupi ya bidhaa na maadili ya kuuza. Hakuna ubaya wowote, isipokuwa pale mwenye cheti hicho anapokitundika ukutani kana kwamba ni shahada ya udaktari.

Kwa maoni yangu umma unaziheshimu herufi kupita kiasi, na wenye herufi hawana haraka ya kuupunguzia heshima hiyo. Mtihani unapima anachojua mtu siku aliyoufanya. Ushauri mwingi mbaya hautokani na kutojua.

Unatokana na sifa ya tatu, ambayo haina cheti: nani anamlipa. Dalali hulipwa kamisheni unaponunua na tena unapouza, kwa hiyo mteja anayetulia na hisa zake miaka 10 ni mteja mzuri kwa kila kitu isipokuwa mapato. Wakala wa bima ya maisha hupata sehemu kubwa ya kamisheni yake mwanzoni mwa mkataba, na hilo linaeleza kwa nini anakutafuta sana kabla ya kusaini kuliko baadaye. Meneja wa mfuko hukata asilimia ya mtaji kila mwaka, hivyo ana sababu ya kukuza mtaji huo na pia sababu ya kukushawishi usiutoe hata ukitaka kulipa deni lenye riba kubwa zaidi. Mchambuzi wa mitandaoni hulipwa na kozi anazouza au na kampuni ya biashara ya sarafu inayompa kitu kwa kila anayejiunga kupitia kwake. Hakuna kati ya hawa aliye mwizi kwa sababu ya mfumo wake wa malipo. Lakini kila mfumo una upande unaoinamia, na mteja asiyeujua huanguka nao.

Kufunga mlango au kuwasha taa

Katika mjadala wa nini kifanyike kuna kambi mbili kuu. Ya kwanza inataka lango liwe jembamba: asiye na leseni asitoe neno juu ya uwekezaji, kamisheni zipigwe marufuku, bidhaa ngumu ziwafikie matajiri na taasisi tu. Nguvu yake ni kwamba inazuia madhara kabla hayajatokea, na katika nchi ambako kesi ya fedha inaweza kuchukua miaka, kuzuia kuna thamani kubwa kuliko kufidia.

Udhaifu wake umeshaonekana kwa vitendo. Uingereza ilipiga marufuku kamisheni kwenye bidhaa za uwekezaji kwa watu wa kawaida kuanzia mwisho wa 2012. Washauri wakalazimika kutoza ada ya wazi, viwango vya elimu vikapanda, na bidhaa zilizokuwa zikiuzwa kwa sababu ya kamisheni nono zikapoteza mvuto. Lakini wenye akiba ndogo walibaki bila mshauri, kwa sababu ada ya saa chache za mtaalamu ilimeza faida ambayo ushauri ungeleta. Peleka hesabu hiyo Mbagala. Mtu anayenunua vipande vya mfuko wa pamoja wa Umoja kwa shilingi 50,000 kila mwezi hana ada ya kumlipa mwenye CFA. Akifungiwa mlango wa kamisheni hataenda kwa mshauri wa ada. Atarudi kwa mwenyekiti wa kikoba.

Kambi ya pili inasema waacheni watu wazungumze, ila kila mmoja aseme analipwa na nani, na umma uelimishwe. Ni njia ya bei nafuu, na inakubali ukweli kwamba hakuna mamlaka inayoweza kukagua kila kundi la WhatsApp. Imesaidia pia kuwaingiza watu sokoni: Kenya ilipouza hatifungani ya M-Akiba mwaka 2017 kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, haikumtaka mnunuzi awe na mshauri. Kasoro yake ni imani kwamba tamko likishaandikwa limesomwa. Maandishi madogo chini ya ukurasa wa 14 yanamlinda muuzaji mahakamani kuliko yanavyomlinda mnunuzi. Na elimu kwa umma, jambo zuri lisilopingika, ndiyo dawa inayopendekezwa na kila mtu kwa sababu haimgusi mtu yeyote mfukoni.

Uzito wa kila upande

Ukiziweka sifa tatu za mshauri kwenye mizani, mpangilio wake si ule unaotangazwa. Leseni inatangulia. Haithibitishi ubora, lakini bila hiyo hayo mengine hayana pa kushikiliwa. Uhakiki wake ni wa dakika chache: CMSA na CMA zote hutangaza orodha za waliopewa leseni, na cha kuangalia ni jina la kampuni, jina la mtu mwenyewe, na hasa aina ya leseni. Malipo yanafuata, na yanastahili kutajwa kwa shilingi, si kwa asilimia, kwa maandishi, kwa mwaka mzima wa mteja huyo. Cheti kinakuja cha tatu, na uzito wake unategemea swali lililoletwa. Kwa mpango wa kustaafu, mwenye CFP au mhasibu anayeijua kodi ana manufaa kuliko mchambuzi bora wa hisa nchini.

Kwa upande wa mwekezaji, kipimo cha utajiri hakifai kuachwa, kwa kuwa hakuna kingine kinachothibitika kirahisi, lakini kisibaki peke yake mikononi mwa muuzaji. Kanuni moja ingepunguza madhara mengi: mkupuo wa kustaafu usihesabiwe katika kumtambua mtu kuwa mwekezaji mwenye uwezo, kama Marekani ilivyoiondoa nyumba ya kuishi. Dodoso la moyo nalo lingefaa kutanguliwa na swali la tarehe, kwa kila fungu la fedha kivyake. Fedha hii inatakiwa lini, na isipokuwepo siku hiyo kitatokea nini?

Linalobaki gumu ni yule wa 50,000 kwa mwezi, maana ndiye wengi wetu. Marufuku inamwacha peke yake na uhuru mtupu unamwacha kwa kocha wa Instagram. Palipo na pengo ni daraja la kati: kibali chepesi, cha mafunzo mafupi, kinachomruhusu ofisa wa Saccos, mhudumu wa benki au kiongozi wa vikoba kueleza bidhaa chache rahisi tu, kama vipande, amana na hatifungani, na kumkataza kabisa kupokea kamisheni kwa kuzieleza. Itagharimu. Mtu atalazimika kufundisha, kusajili na kukagua maelfu ya watu badala ya makumi ya kampuni, na ada ya leseni yao haitatosha kuilipia kazi hiyo. Mameneja wa mifuko ndio watakaovuna wateja wapya, na ni busara waanze kuulizwa wao kuhusu gharama hizo kabla hazijapelekwa kwa mlipakodi.